Pango la Miaka 10 ni Deni: Vijana Tujifunze Kusoma Mizania

(Mada iliyotolewa kwenye darasa la vijana)



Najua wengi mlitegemea mwanafunzi wa sheria aje aongelee Katiba. Katiba tutaiongelea sana tu. Leo naomba tuongelee kodi ya pango. Msicheke, mtaona inakoelekea.

Mliokaa Dar mnaikumbuka Nakumatt pale Mlimani City. Mwaka 2014 ilichukua maduka ya Shoprite hapa nchini. Kwao Kenya ilikuwa ndiyo supamaketi kubwa, ina matawi mpaka Uganda na Rwanda. Ukiingia unaona taa, rafu zimejaa, foleni ya wateja. Nani angesema wale wana shida? Kufika 2017 rafu zikawa tupu, wasambazaji wanadai, wenye majengo wanaitoa kwa malimbikizo ya pango. Januari 2018 mahakama ikaiweka chini ya msimamizi. Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Madeni yalikuwa yamezidi shilingi za Kenya bilioni 30.

Pango halikuwa chanzo pekee. Kulikuwa na mikopo, na kulikuwa na kutanuka kwa haraka kuliko mfuko. Lakini pango linatufundisha kitu, kwa sababu ndilo deni lililokuwa rahisi kuliko yote kulificha kihalali.

Hebu tupige hesabu. Chukua duka la kufikirika linalolipa pango la shilingi milioni 20 kwa mwezi, mkataba miaka 10. Kwa mwaka ni milioni 240. Kwa mkataba mzima ni bilioni 2.4. Sasa, kwa utaratibu wa zamani wa kimataifa, mikataba mingi ya namna hii haikuingia kwenye mizania. Kampuni iliandika milioni 240 kama matumizi ya mwaka ule, basi. Zile za miaka iliyobaki zilitajwa huko nyuma kwenye maelezo ya hesabu, ambako wasomaji ni wachache. Ungekopa benki bilioni moja ununue jengo, deni lingeonekana. Ukijifunga miaka 10 kwa mwenye jengo, mizania inabaki safi kama sahani ya sikukuu!

Bodi ya kimataifa ya viwango vya uhasibu ilikadiria kuwa kampuni zilizoorodheshwa kwenye masoko ya hisa duniani zilikuwa na ahadi za pango za kama dola trilioni 3.3, na zaidi ya asilimia 85 hazikuwa kwenye mizania. Ndipo kikaja kiwango kinachoitwa IFRS 16, kilichoanza kutumika 1 Januari 2019. Kinasema hivi: malipo ya miaka ijayo yapigiwe hesabu kwa thamani ya leo, yaandikwe kama deni, na upande wa pili iandikwe mali inayoitwa haki ya kutumia jengo. Kwa mfano wetu, ikiwa pango linalipwa kila mwisho wa mwaka na riba ni asilimia 12, deni ni kama bilioni 1.36. Hilo ni tawi moja. Weka matawi 30, unapata zaidi ya bilioni 40.

Mtu atasema, si kuna mali upande wa pili? Ipo. Lakini wateja wakihama, ile haki ya kukaa kwenye jengo inashuka thamani, na deni linabaki palepale. Mkataba ni mkataba. Kama hauna kipengele cha kuuvunja mapema, huwezi kumrudishia mwenye jengo funguo ukaondoka zako.

Na bado kuna milango ya kutokea. Mkataba usiozidi miezi 12 unaweza kuachwa nje. Pango linalopanda na kushuka kufuatana na mauzo haliingii kwenye deni. Mkataba wa miaka 5 wenye haki ya kuongeza 5, kampuni yenyewe ndiyo inapima kama itahesabu 5 au 10. Kwa hiyo ukishika hesabu za kampuni, usiishie ukurasa wa faida. Soma maelezo ya nyuma.

Kwa nini yatuhusu? Kwa sababu kampuni ikifilisiwa, benki yenye dhamana hutangulia. Aliyepeleka maziwa, mayai na mboga kwa mkopo wa siku 60, bila dhamana yoyote, anasubiri mwisho wa mstari, na mara nyingi anaambulia vumbi. Kijana aliyekuwa kaunta anaingia mtaani. Hawa hawakukaa kwenye meza ya kusaini mkataba.

Sasa toeni supamaketi, wekeni serikali. Mnakumbuka IPTL? Mkataba wa umeme wa miaka 20 uliosainiwa 1995, TANESCO ikajifunga kulipia uwezo wa mitambo hata pale umeme hauchukuliwi. Aliyesaini alisaini siku moja. Sisi wengine tulizaliwa tukaukuta mkataba unadai.

Habari njema ni kwamba kwa sekta ya umma nako kuna kiwango cha aina hiyohiyo, IPSAS 43, kilichoanza 1 Januari 2025. Kwa hiyo swali letu lina mguu wa kusimamia. Ripoti za CAG zikitoka, kila tawi lichague halmashauri yake au shirika moja la umma. Tafuteni mambo matatu: limepanga nini, kwa miaka mingapi, na kwa masharti gani ya kutoka. Diwani wetu akienda kwenye baraza aende na ukurasa mkononi, asiende na kelele tupu.

Wenye nchi ni sisi, na bili tutaletewa sisi. Tuisome kabla haijafika.

Naruhusu maswali.