JINA LA MTOAJI: LITANGAZWE AU LIFICHWE?

Kaeni vizuri tuanze somo letu la uraia. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: mgombea, mchango, orodha. Mgombea ni mtu anayeomba kura. Mchango, katika somo hili, ni fedha ambazo watu hutoa kwa kazi ya siasa. Orodha ni majina yaliyoandikwa moja chini ya jingine.

Leo tutatazama nchi ya Marekani, maana huko swali letu limefika mahakamani mara nyingi. Swali lenyewe ni hili: mtu akitoa mchango wa siasa, je, jina lake litangazwe, au libaki siri?

Kwanza tuone kwa nini litangazwe. Mgombea ana mengi ya kulipia: karatasi, safari, matangazo ya redio na televisheni. Fedha hizo hutoka kwa watu. Nanyi mnajua kwamba mkono mtupu haulambwi. Atoaye fedha nyingi huenda akataka kitu baadaye: cheo, kandarasi, au sheria ya kumfaa. Mpiga kura asipomjua mtu huyo, atajuaje mbunge wake anamtumikia nani?

Jambo hili lilionekana katika uchaguzi wa mwaka 1972. Waliomfanyia kampeni Rais Richard Nixon walipokea fedha za siri, nyingine kutoka kwa makampuni yaliyokatazwa na sheria kuchangia. Baadaye makampuni kadhaa yalikiri kosa hilo mahakamani. Mwaka 1974 Nixon alijiuzulu kwa sababu ya kashfa ya Watergate, na fedha hizo zilikuwa sehemu ya kashfa hiyo. Mwaka huohuo Bunge lilikaza sheria na kuunda Tume ya kuisimamia.

Sheria hiyo yasemaje? Mtu akimpa mgombea wa urais au wa Bunge la taifa zaidi ya dola 200 kwa jumla katika kipindi cha uchaguzi, jina lake hupelekwa kwenye Tume, pamoja na anwani yake, kazi yake na mwajiri wake. Kila mtu aweza kuzisoma habari hizo. Lakini ni marufuku kuyachukua majina hayo ili kuwauzia watu bidhaa au kuwaomba michango.

Sasa tugeuke upande wa pili. Kabla ya hayo, mwaka 1956, watu weusi wa jimbo la Alabama walikuwa wakidai haki zao. Chama chao cha NAACP kilishtakiwa na serikali ya jimbo, kisha jaji akakiamuru kitoe orodha ya wanachama wake. Chama kilikataa. Kikatozwa faini ya dola 10,000, kisha ikapandishwa hadi dola 100,000. Hata hivyo hakikutoa majina. Kwa nini? Kwa sababu wanachama waliojulikana walikuwa wamefukuzwa kazi na kutishiwa kupigwa. Orodha ile ingekuwa kama ramani mkononi mwa adui. Mwaka 1958 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubaliana na chama, wala hapana jaji hata mmoja aliyepinga.

Basi, je, mahakama hiyo ilikataa majina yote yasitangazwe? La. Mwaka 1976 ilisema sheria ya kutangaza wachangiaji wa uchaguzi ni halali, kwa kuwa inawapa wapiga kura habari na kuzuia rushwa. Lakini ilisema pia kwamba chama kidogo kikionyesha kuwa watu wake watateswa, kisilazimishwe. Mwaka 1982 chama kidogo cha Kisoshalisti katika jimbo la Ohio kilipata ruhusa hiyo. Kilionyesha kwamba wanachama wake walifukuzwa kazi, na ofisi yake moja ilipigwa risasi.

Mnaona tofauti? Mchangiaji mkubwa hufichwa ili asiulizwe amenunua nini. Mnyonge hufichwa ili asidhuriwe. Pazia ni moja, lakini walio nyuma yake si sawa. Kwa hiyo tusiulize tu, "Je, siri ni nzuri au mbaya?" Tuulize: Nani ana nguvu hapa? Fedha ni kiasi gani? Ni madhara gani yatakayompata mtu, na ushahidi uko wapi? Mwenye kusema "naogopa" aonyeshe sababu. Na mwenye kusema "toeni majina" aeleze anayatakia nini.

Sasa andikeni majibu katika madaftari yenu:

1. Mchango wa kiasi gani hufanya jina la mtoaji lipelekwe kwenye Tume?
2. Kwa nini NAACP ilikataa kutoa orodha yake?
3. Kibarua ametoa dola 20; mwenye kampuni ametoa dola 3,000. Je, majina yao yatendewe sawa? Toa sababu.

Swali la tatu lijadiliwe na darasa zima kabla ya kuandika. Kwaherini, ndugu wanafunzi.