Hulka ya Mzee na Maisha Yake na Kisukari

(Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Halmashauri mbele ya Baraza la Wazee, katika maadhimisho ya Siku ya Kisukari Duniani, 14 Novemba)



Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kubeba maneno kati ya Halmashauri na wananchi, hivyo masuala ya vipimo nawaachia wauguzi walioketi hapa mbele. Ninalotaka kulisema ni jambo lisiloandikwa kwenye kadi ya kliniki, nalo ni hulka ya mgonjwa.

Katika ukoo wetu wapo wazee wawili wenye kisukari, shangazi yangu na mama yangu mkubwa. Wamepishana mwaka mmoja kwa umri, na dawa zao zilikuwa zilezile. Shangazi ni mtu wa wasiwasi. Akisikia jirani amekatwa mguu, halali. Aliacha ugali, akaacha wali, akaacha ndizi, hata ikafika siku akawa anakunywa uji mwepesi mara moja tu, huku akimeza vidonge vya glibenklamidi kama alivyoandikiwa. Alfajiri moja tulimkuta amelowa jasho, anatetemeka, hamtambui mwanawe. Sukari ilikuwa imeshuka. Dawa ile huishusha hata kama mtu hajala, na mwili wa mzee hauna nguvu nyingi za kustahimili. Kwa bahati alikuwa bado anaweza kumeza. Tukamnywesha maji ya sukari, akarejewa na fahamu kabla hatujafika zahanati.

Mama mkubwa ni kinyume chake. Ni mcheshi, hapendi kumsumbua mtu, na jibu lake daima ni "sijambo". Kidonda cha unyayo alikificha ndani ya soksi kwa wiki tatu, wala hakikumuuma, kwa sababu kisukari kilikwisha kuziua hisia za miguu yake. Alipoteza vidole viwili. Sisi ndugu tulikuwa tukimsifu kwamba hana makuu. Naona haya kulikiri, lakini tulipendezwa na ugonjwa usiotusumbua.

Wataalamu wa saikolojia huipima hulka ya mtu kwa sifa kuu tano, zikiwamo wepesi wa kuingiwa na hofu na umakini katika kutimiza wajibu. Mwenye hofu nyingi huelekea kuyaona maisha yake kuwa duni hata vipimo vyake vinapokuwa vizuri. Mwenye umakini huelekea kushika vyema ratiba ya dawa na chakula. Hulka haigeuki kirahisi mtu akiwa na miaka 70, kwa hiyo kumkaripia mwoga asiogope ni kazi bure. Kinachoweza kugeuka ni namna tunavyomhudumia.

Mwenye wasiwasi aambiwe anachoweza kula, na kiasi chake, kabla ya kusomewa makatazo. Aelezwe pia kwamba kwa mzee dhaifu daktari huweza kulegeza lengo la sukari, maana kushuka kwake kunaweza kumwangusha leo hii. Mcheshi naye asiulizwe tu hali. Avuliwe viatu, atazamwe nyayo na katikati ya vidole. Hili nawaomba hasa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita majumbani.

Lakini tuwe waangalifu. Mzee aliyekuwa mchangamfu akianza kujitenga, kukosa usingizi na kuchoka kumeza dawa, tusiseme ndivyo alivyo. Huenda ni sonona, ambayo huwapata wenye kisukari mara nyingi kuliko wasio nacho, na inatibika. Aletwe kituoni.

Mama mkubwa yumo humu ukumbini. Ameniruhusu kuyasema haya kwa sharti kwamba nisimtaje jina, na kwamba yeye awe wa kwanza kuvua viatu meza ya wauguzi itakapofunguliwa. Meza hiyo iko pale chini ya mwembe, na inafunguliwa sasa.