Frere Town, mji wa waliovuliwa minyororo

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa, hukawii kufika Kengeleni. Makondakta wanaita abiria, honi zinalia, na hapo kando ya barabara ipo kengele iliyoupa mtaa huo jina. Wengi wetu tunaipita bila kugeuza shingo.

Kengele hiyo ni ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Mji ulipewa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa Zanzibar kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Wenyeji wake wa kwanza walikuwa wageni kabisa pwani hii: Wayao, Wamakua na wengineo. Baadhi waliokolewa majahazini, wengine walikuwa wamelelewa Nasik, kule India. Hatari ilipokaribia, kengele ililia.

Mmoja wa hao waliolelewa Nasik, William Jones, alipata daraja la ushemasi mwaka 1885. Mwaka huohuo Askofu Hannington wa CMS aliuawa Busoga akiwa msafarani, na Jones ndiye aliyewarudisha pwani wapagazi waliobaki wa msafara huo, kwa miguu. Huyo ni shujaa, na anastahili kutajwa madarasani kama tunavyowataja hao wamisionari.

Kanisa la Emmanuel bado linasali hapo jirani. Walimu wa Mombasa, wapelekeni wanafunzi wakaione kengele hiyo, na muwasimulie habari za William Jones.