Manowari Huáscar

Wenye ramani na wazifungue, watazame pwani ya magharibi ya Amerika ya Kusini, pale Peru inapopakana na Chile. Katika bahari ile ilipigana manowari moja iitwayo Huáscar, jina la mfalme wa kale wa Wainka. Peru iliiagiza Uingereza, nayo ikashushwa majini huko Birkenhead mwaka 1865.

Wakati ule merikebu nyingi za vita zilikuwa bado za mbao. Huáscar ilikuwa ya chuma, na ubavuni ilivikwa bamba lenye unene wa inchi 4 na nusu. Mizinga yake mikubwa ilikuwa miwili tu, imewekwa ndani ya kibanda cha mviringo juu ya sitaha. Kibanda hicho kiliweza kugeuzwa, kama mama anavyozungusha jiwe la kusagia. Lakini jiwe zito namna gani! Watu 16 walikizungusha kwa mikono, na duara moja lilichukua dakika 15. Tena chini ya maji omo yake ilikuwa na pembe ya kutobolea merikebu za adui.

Mwaka 1879 Chile ilipigana na Peru na Bolivia. Waligombea jangwa. Msicheke: lilikuwa na shura, itengenezayo mbolea na baruti. Na jangwani majeshi hayapiti kwa urahisi, basi mwenye bahari ndiye aliyekuwa na nguvu.

Tarehe 21 Mei, mbele ya mji wa Iquique, Huáscar chini ya Miguel Grau ilikutana na Esmeralda, merikebu ya mbao ya Chile. Iliigonga mara tatu. Mara ya kwanza nahodha wa Chile, Arturo Prat, aliruka na upanga mkononi hata sitahani mwa adui, akauawa hapo. Mara ya tatu Esmeralda ikazama. Sasa sikilizeni vema. Grau aliteremsha mashua kuwaokoa wale waliokuwa wakielea, watu kama 60. Kisha akamwandikia barua mjane wa Prat, akamrudishia upanga na pete ya ndoa ya mumewe. Mama yule akajibu kwa shukrani.

Siku hiyohiyo Independencia, manowari nyingine kubwa ya Peru, ilipanda mwamba ikapotea. Huáscar ikabaki kama peke yake, ikawasumbua Wachile karibu miezi mitano.

Tarehe 8 Oktoba, karibu na Angamos, manowari za Chile ziliizingira. Kombora likapiga chumba alimosimama Grau, akafa papo hapo. Maofisa waliopokea amri wakauawa au kujeruhiwa mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho akaamuru merikebu izamishwe. Mafundi wakafungua vilango vya maji, lakini Wachile wakawahi kupanda na kuvifunga. Bendera ikabadilishwa. Februari 1880, huko Arica, nahodha wake wa Kichile, Manuel Thomson, naye aliuawa juu yake.

Huáscar ingali inaelea bandarini Talcahuano, Chile, nayo ni makumbusho. Wageni huonyeshwa kumbukumbu za manahodha wote watatu. Chile ina sikukuu tarehe 21 Mei, Peru tarehe 8 Oktoba.