Ua la Nani? Taarab, Kanga na Swali Lililokimbiwa



Msomi mmoja ninayemheshimu alinikatiza semina. "Nioneshe," alisema, "wimbo mmoja tu wa taarab unaotamka kwamba mwanamke anampenda mwanamke." Nilinyamaza. Leo namjibu, na aniwie radhi kwa urefu.

Anampenda. Nani kampenda nani? Mwarabu na Mwingereza hutajiwa jinsia papo hapo. Kiswahili hakina haja hiyo. Mpenzi ni ua, ni njiwa, ni tausi, ni asali. Mwenzangu akilisikia neno "mpenzi" kinywani mwa mwimbaji wa kike, ni yeye anayemvika huyo mpenzi kanzu na kofia. Wimbo haukumvika kitu.

Halafu anataka maneno yatoe ushahidi peke yao, kana kwamba taarab husomwa. Taarab hutunzwa. Nilikuwa na miaka kumi na minne, arusini, mwanamke mmoja aliponyanyuka na noti kati ya vidole viwili. Hakwenda jukwaani moja kwa moja. Alicheza taratibu mbele ya safu ya pili, akasimama kwa bibi mmoja aliyekaa dirishani, akaizungusha noti juu ya kichwa cha bibi huyo ubeti mzima, ndipo akaenda kumpa mwimbaji. Wa dirishani aliinamisha uso akitabasamu. Shangazi akanifinya: "Tazama mbele, wewe!" Pengine walikuwa wakipatana, pengine kilikuwa kijembe. Lakini hakuna ukumbini aliyekuwa na shaka ubeti ule umefikishwa kwa nani. Mtunzi aliuandika mchana. Mwenye noti aliumalizia usiku.

Wanaosema mambo haya yameshuka na ndege za watalii sitawapotezea muda. Mwaka 1899 Oscar Baumann, Mwaustria aliyekuwa konsuli hapa, alichapisha Berlin makala juu ya mapenzi ya jinsia moja Zanzibar, na kitenzi "kusagana" kimo humo. Ni shahidi mwenye dharau, simpendi. Ila ndege hazikuwapo.

Sheria ya Zanzibar ya 2004 iliyataja mahusiano ya wanawake waziwazi, kifungo hadi miaka 5. Ndiyo maana leo sitataja mwimbaji yeyote aliye hai, na mkiniuliza baadaye nitawaitikia salamu tu.

Nitamtaja mchoraji, kwa kazi yake. Lubaina Himid alizaliwa Unguja 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga, na 2017 akashinda Tuzo ya Turner. Mwaka uliofuata, katika jumba la BALTIC kule Gateshead, alitundika vitambaa vilivyoundwa kwa mfano wa kanga: pindo lipo, mji upo, na pale penye jina pana maneno ya waandishi kama James Baldwin na Audre Lorde. Lorde, mshairi aliyejitambulisha hadharani kuwa anapenda wanawake, amekaa mahali pa jina la kanga! Mhakiki wa Ulaya ataona bendera. Mwanamke wa Darajani hapa Unguja atasoma jina kwanza, kisha atauliza: nani kamnunulia nani?

Nina ugomvi mdogo na Himid. Vitambaa vyake vilining'inia kimoja kimoja, na kanga ni doti. Ndiyo maana nashikilia, hata mkinicheka, kwamba maonesho makubwa ya sanaa hii hayako Gateshead bali kwenye roshani za majumba haya marefu ya Michenzani tuliyojengewa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Nyumbani kwetu orofa ya tatu, bibi yangu alianika kila Ijumaa upande mmoja wa kanga nyekundu ya korosho, jina likitazama barabarani. Upande wa pili ulikuwa ukianikwa jengo la ng'ambo, orofa ya nne, Ijumaa hiyohiyo. Nilimuuliza mama kwa nini hawakuiweka doti pamoja.

"Mashoga hao," akasema, akaendelea kuchagua mchele.