Mfanyakazi Alitangulia Kufungwa Mdomo
(Hotuba ya wakili mbele ya wanaharakati na waumini, Endebess)



Nimeombwa nizungumze juu ya wenye mali na wafanyakazi. Nitaanzia hapa hapa Trans Nzoia, kwani ushahidi umetuzunguka. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Kabla haijafika, sheria mbili zilikuwa zimekwisha kutayarisha mikono ya kulima mahindi ya walowezi. Ya kwanza ni ile ya kipande. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za mwajiri wake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Na kuacha kazi bila idhini ya mwajiri lilikuwa kosa la jinai. Ya pili, ya mwaka 1918, ilimtaka skwota amfanyie kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Sheria nyingine ya 1937 iliyapa mabaraza ya walowezi uwezo wa kuzifikisha siku hizo 270 na kupunguza ng'ombe wa skwota.

Wakati huo huo walowezi wenyewe walikuwa wameungana katika KFA. Waliuza mahindi yao kwa pamoja na kuiendea serikali kwa sauti moja, na hakuna aliyewaita wachochezi. Kibarua akinong'ona na mwenzake juu ya mshahara, huyo ndiye mchochezi.

Msidhani upotovu huu ni wa wakoloni wa Kenya peke yao. Marekani ilitunga sheria mwaka 1890 ili kuyadhibiti makampuni makubwa yaliyokuwa yakiimeza biashara. Mwaka 1894 sheria hiyo hiyo ikatumiwa mahakamani dhidi ya wafanyakazi wa reli waliogoma, na kiongozi wao, Eugene Debs, akatiwa gerezani. Haki ya kujadiliana na mwajiri kupitia chama ililindwa kwa uthabiti mwaka 1935, na hata hapo vibarua wa mashambani wakaachwa nje.

Huku kwetu, mwishoni mwa vita vikuu vya pili, Elijah Masinde wa Kimilili alipinga watu kuchukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi kwa walowezi. Najua wako wachungaji humu wasiopenda jina hilo litajwe kanisani. Mnisamehe, kwa Dini ya Msambwa hukumu ni yenu, lakini kwa neno lile la kazi ya kulazimishwa sioni alikokosea. Mwaka 1948 alipelekwa uhamishoni Lamu.

Tarehe 1 Mei 1949 Fred Kubai na Makhan Singh waliunda muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Serikali ilikataa kuuandikisha. Kisha, Mei 1950, ikawakamata kwa kosa la kuongoza chama kisichoandikishwa! Mimi ni mwanasheria, na nakiri kwamba ujanja huo ni wa ustadi: unamnyima mtu mlango, halafu unamshtaki kwa kupita dirishani. Wafanyakazi wa Nairobi waligoma. Makhan Singh alizuiliwa huko kaskazini hadi mwaka 1961.

Uhuru ulipokuja tulitarajia mlango ufunguliwe. Mwaka 1965, baada ya wafuasi wa miungano miwili iliyoshindana kupigana Mombasa na watu kufa, serikali iliifuta yote miwili na kuunda mmoja, COTU. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais kutoka miongoni mwa majina matatu aliyopelekewa. Vurugu zilikuwapo, sikatai. Lakini dawa iliyotolewa ilikuwa kumnyima mfanyakazi uchaguzi. Mwaka 1980 chama cha watumishi wa serikali na kile cha wahadhiri wa chuo kikuu vikapigwa marufuku.

Ndipo mwaka 1982 kifungu cha 2A kikaingizwa katika Katiba, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Tulishtuka kana kwamba mwizi amekuja siku hiyo. Kumbe alikuwa amekaa nyumba ya jirani miaka 17! Tulipopigania mageuzi hadi kifungu hicho kikafutwa Desemba 1991, wengi wetu tuliwaza juu ya vyama vya siasa tu, na kibarua wa mahindi tukamkumbuka siku ya kupiga kura.

Leo sheria imebadilika. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Lakini hujia ofisini kwangu watu waliopalilia shamba moja misimu sita, na hawana hata kijikaratasi kimoja cha kuonyesha.

Kwa hiyo nawaomba makatibu wa makanisa wanisaidie kwa jambo dogo. Tafuteni daftari. Kila Jumapili baada ya ibada, kibarua aandikishe siku alizofanya kazi wiki hiyo, shamba gani, msimamizi nani na amelipwa kiasi gani, kisha atie sahihi au dole gumba mbele ya shahidi. Daftari likae kanisani, lisikae nyumbani kwa mtu. Nimekuja na madaftari kumi na mawili. Yako pale mezani kwa mweka hazina.