Nambari Yako ya Simu Si Bidhaa ya Sokoni



Mtu akijenga nyumba, iwe Makutano kule Meru au Kangaru kule Embu, huacha nambari yake ya simu pahali pengi: kwenye ombi la kibali cha ujenzi, kwenye fomu za stima na maji, na kwa wenye hadiwea. Wengi wetu barua zetu huenda kwenye sanduku la posta, si mlangoni. Kwa hivyo anayetafuta wenye nyumba mpya hutafuta nambari. Hata rangi haijakauka, simu zinaanza: matangi, mapazia, intaneti.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 37, inakataza kutumia habari za mtu kibiashara bila idhini yake ya wazi, isipokuwa sheria imeruhusu na mwenyewe alielezwa alipozitoa. Uliyempa nambari kwa ajili ya kibali hukumruhusu kuiuza.

Ukipigiwa, uliza: nambari hii umeipata wapi? Una haki ya kukataa. Usifute ujumbe; ndio ushahidi wako. Wasipokoma, peleka malalamishi kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa maandishi au kwa mdomo. Sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 90.

Nanyi wafanyabiashara, hatuwafungii riziki. Karatasi ya matangazo isiyo na jina la mtu haihitaji orodha ya siri. Mkitaka nambari, mwombeni mwenyewe kwanza.